Nadhiri ya Bata Mzinga (9): Picha Nyuma ya Kabati

Mkono wa Rozina umekaa juu ya kile kitambaa wiki nzima, msomaji wangu. Tumwonee huruma. Kitambaa na kishuke.

Kikashuka.

Nyuma ya kabati la mavazi ya misa, katika kanisa dogo la kisiwa cha Kemmuna, ilitundikwa picha ya nadhiri iliyochorwa juu ya ubao, ukubwa wa sinia la mkate. Bahari nyeusi. Mawimbi. Bikira Maria juu ya wingu, na mwale wa dhahabu ukishuka mpaka kwenye boti moja. Pembeni, zile herufi nne za Kilatini ambazo kila mtoto wa kwetu Gozo anazifahamu kabla hajajua kusoma, V.F.G.A.: aliweka nadhiri, akapata neema.

Boti ilikuwa Sultana. Jina liliandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe. Ndiyo Sultana ile ile iliyotia nanga sasa hivi kule chini, ikimsubiri Rozina, mhudumu wake, ili iwarudishe wageni kumi waliokuja kutembea kwa siku moja.

Tezini, sehemu ya nyuma ya boti, alisimama mwanamume mnene mwenye shingo nyekundu. Mkononi, kisu. Mbele yake, kamba iliyokatwa, ncha yake ikiruka hewani. Na nyuma, mbali kidogo, mashua ndogo iliyokuwa ikikokotwa na kamba hiyo ilikuwa ikimezwa na wimbi, na ndani yake mtu ameinua mikono yote miwili.

Mtu huyo alivaa kofia ya sufu ya kijani yenye mstari mweupe uliopinda upande wa kushoto.

Rozina aliujua mstari ule. Aliupinda yeye mwenyewe kwa kukosea vitanzi, majira ya baridi ya kwanza ya ndoa yake. Alitaka kuifumua kofia yote aianze upya. Nardu, mumewe, alikataa.

“Iache hivyo hivyo,” alisema. “Nikipotea, watanijua.”

Akakaa sakafuni.

“Usinikalie hapo,” alisema Mananni, mama anayetunza ufunguo wa kanisa, akiingia na ufagio. “Nimepiga deki sasa hivi.” Kisha akauona uso wa Rozina, na ufagio ukaegemea ukuta wenyewe. “Mwanangu. Kuna nini?”

“Nani alileta picha hii?”

“Nani mwingine? Bata Mzinga wako.”

Bata Mzinga ni Kalchidon, mwenye Sultana. Ukoo wao wote huitwa hivyo tangu babu yake, kwa sababu ya shingo. Pete yake ilikuwa kidoleni mwa Rozina. Jumamosi walikuwa wafunge ndoa.

“Na wewe hukuitazama, Mama Mananni?”

“Aliileta imefunikwa. Akaniambia Bikira amemponya maradhi ya kiume, ya aibu, nisifunue. Mimi nifunue maradhi ya Bata Mzinga ili iweje?” Akainama, akaitazama sasa. Akatazama muda mrefu. Akafanya ishara ya msalaba. “Huyu ni Nardu.”

“Ni Nardu.”

“Na yule aliapa kwamba hakuwepo.”

Aliapa, ndiyo. Miaka miwili iliyopita, Novemba, Kalchidon alisimama mbele ya hakimu akasema kwamba asubuhi Nardu alipopotea yeye alilala na homa, kwamba Nardu alipita kwake akinuka pombe, akachukua mashua ndogo bila ruhusa, akaenda baharini peke yake. Mashua ilikutwa imevunjika kwenye miamba, na kipande cha kamba kwenye pua yake kimekatwa safi kama mkate. Watu wakasema: mlevi, ameikata badala ya kuifungua. Bahari ilimrudisha Nardu siku ya tatu, bila kofia.

Rozina aliamini. Hiyo ndiyo sehemu inayouma, msomaji. Aliamini, akamkasirikia marehemu, akakataa kumwombea misa hata moja. Mama mkwe wake, Konchetta, hajamsemesha tangu siku hiyo. Ni Salvu, kaka yake Rozina, aliyembembeleza hatimaye: “Dada, mjane hakai peke yake. Kalchidon ni mtu wa sala. Mkubali.” Akamkubali.

Na mpaka mchana wa leo asingejua lolote, kama si Ornella, daktari wa meno kutoka Torino, mmoja wa wale wageni kumi, aliyepotea njia akitafuta choo, akachungulia nyuma ya kabati, akainua kitambaa, akatoka akisema boti yenu imechorwa vizuri sana.

“Lakini kwa nini aichoreshe?” Rozina aliuliza. “Mtu ameficha kila kitu. Kwa nini aende kuichoresha?”

Mananni alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji huteremka.

“Kwa sababu aliahidi.”

Ndivyo tulivyo. Kwetu mtu anaweza kumdanganya polisi, hakimu, na mkewe kitandani. Lakini picha ya nadhiri haichorwi kwa uongo. Ukimshukuru Bikira kwa jambo ambalo halikuwa hivyo, neema inarudi ilikotoka, na wewe unarudi kwenye wimbi ulilotolewa. Kwa hiyo mchoraji huambiwa yote: upepo ulitoka wapi, nani alisimama wapi, alivaa nini. Na picha lazima itundikwe kanisani. Kalchidon akayatimiza yote mawili. Ilitundikwa kanisani, kweli, ila nyuma ya kabati, katika kisiwa ambako misa husomwa Jumapili kwa watu sita.

“Na ule mwale,” alisema Rozina. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Mama Mananni, ule mwale umemwangukia yeye. Bikira alimtazama Nardu anazama, akamwokoa huyu?”

“Mwale kauchora mchoraji,” alisema Mananni. “Alilipwa. Usimtupie Bikira kazi ya mchoraji.”

Kule chini honi ya Sultana ikalia. Mara tatu, ndefu, kama mnyama mwenye haraka ya kula.

Mananni aliishusha picha msumarini, akaifuta vumbi kwa aproni yake, akatupa macho kwenye kikapu alichobeba Rozina. Ndani yalibaki mapande ya mkate wa ftira ya chakula cha mchana, yenye jodari na nyanya.

“Itie chini. Mkate juu.”

“Akiniona?”

“Ataona mkate. Yule akiona mkate haoni kingine.” Akamshika mabega. “Hapa haibaki. Mtu akimwambia tu kwamba imeonekana, leo leo atakuja kuichoma. Mpelekee mama yake Nardu. Mkononi mwake, umenisikia? Si kwa polisi, si kwa padri kwanza. Kwa mama yake.”

Hakuna njia ya kutoka Kemmuna isipokuwa kwa boti. Na boti ya Rozina ilikuwa Sultana.

*

Maji ya pale kwenye ghuba, ambayo katika matangazo huwa kama kioo cha buluu, leo yalikuwa na utando wa mafuta ya kujipaka. Vichungi vya sigara vilielea. Nanasi lililokombwa nyama, mrija bado umechomekwa, liligonga ubavu wa Sultana polepole, kama kichwa cha mtu asiye na haraka.

Rozina alipanda na kikapu. Kalchidon alikuwa amechuchumaa tezini, mkono kwenye ile koki ndogo ya tangi la choo. Akaifungua. Wingu la rangi ya chai ya maziwa likatanda chini ya maji.

“Kalchidon. Wageni wanne bado wanaogelea.”

“Wanaogelea upande wa pili.”

“Maji ni yale yale.”

“Bahari ni kubwa, Rozina. Inameza kila kitu.”

Maneno hayo alikuwa ameyasikia mara mia. Leo ndiyo siku aliyoyasikia.

Kalchidon akasimama, akajifuta mkono mara moja kwenye kaptula, akabusu kisanamu cha Bikira anachokivaa shingoni, kama afanyavyo kila anapomaliza kazi yoyote. Kisha akaingiza vidole kwenye kikapu.

Vidole vikatoka na pande la mkate. Mafuta yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

“Jamani,” aliwaambia wageni waliokuwa wakijikausha, “mnamwona huyu? Jumamosi ni mke wangu. Fungua mdomo, bibi harusi.”

Wageni wakapiga makofi. Mholanzi mmoja mwenye mabega kama mlango akapiga mluzi. Rozina akatazama vile vidole, kucha zenye ukingo mweusi, akakumbuka koki. Kikapu kilikuwa kifuani mwake. Akikataa, Kalchidon atauliza kwa nini.

Akafungua mdomo. Akameza.

Kinyaa kilishuka nao tumboni kikakaa huko, kama mgeni aliyekuja na mizigo.

Nanga ikapanda. Wote kumi walikuwemo. Mpaka bandari ya Mgarr, kule Gozo, ni nusu saa kwa mwendo wa Sultana, na Rozina alianza kuihesabu kwa Salamu Maria. Alikuwa kwenye ya saba, wakati Ornella, kwa moyo mweupe kabisa, aliposogea kwa kapteni na simu yake.

“Kapteni, hongera. Nimeona picha ya boti yako kule kanisani. Kazi nzuri kweli. Tazama, nimeipiga.”

Kalchidon alitazama.

Ile shingo, ambayo huwa nyekundu siku zote, ilipauka kuanzia chini kwenda juu.

“Nilipenda mchoraji alivyoweka watu,” Ornella aliendelea. “Wanaume watatu kwenye dhoruba na Bikira mmoja.”

“Wawili,” alisema Kalchidon. “Wa tatu ni doa la moshi wa mishumaa. Hebu niione vizuri, daktari. Macho yangu ya uzee.”

Akaichukua. Akaigeuza huku, akaigeuza kule. Kisha mkono ukapita ukingo wa boti na simu ikatumbukia majini bila kelele.

“Samahani sana,” alisema. “Mafuta ya mkate.”

Ornella alibaki ameshika hewa.

“Umeitupa.”

“Imeteleza, daktari. Bahari ni kubwa.” Kisha, bila kugeuza kichwa: “Rozina. Njoo hapa kwenye usukani, mpenzi.”

*

Kibanda cha usukani kilinuka dizeli na soksi. Rozina alisimama mlangoni. Kikapu alikiacha nje chini ya benchi, mahali anapoweza kukiona.

“Umeiona,” alisema Kalchidon, macho mbele.

“Nimeiona kofia.”

Sauti ya Kalchidon ilikuwa ya mtu anayeeleza bei ya samaki.

“Tulikwenda kuvuta maboya ya makuti yanayovutia samaki. Nardu aliingia kwenye mashua ndogo kuyafungua. Upepo ukageuka. Mashua ikajaa maji, ikawa inatuvuta kwenye miamba. Ilikuwa kukata kamba au kufa wote. Hata wewe ungeikata.”

“Ungemwambia hakimu hivyo.”

“Hakimu angeniuliza kwa nini sikurudi kumtafuta.”

“Kwa nini hukurudi?”

Kalchidon alilamba mafuta kwenye kidole gumba.

“Kulikuwa na baridi,” alisema.

Rozina alishika fremu ya mlango.

“Ukasema alilewa.”

“Mtu akifa watu huuliza sababu. Nikawapa sababu. Ulitaka niwaambie nini?”

“Miaka miwili sijamwombea, Kalchidon. Miaka miwili nikipita kwenye kaburi lake nageuza uso. Nilikuwa naona aibu ya mlevi.”

“Sasa utamwombea. Nani amekukataza? Sikiliza, mimi sikumficha Mungu kitu. Niliungama, nikapewa rozari tatu, nikazisali zote. Bikira nilimwambia ukweli mtupu, mpaka rangi ya kofia. Kwa nini tena nikuambie na wewe?”

Alisema hivyo kwa uso mtulivu kabisa. Hapakuwa na hila ndani yake. Hilo ndilo lililomtisha Rozina kuliko kisu: alikuwa mbele ya mtu aliyenawa vizuri kwa maji machafu.

“Na uliahidi nini?” aliuliza. “Ile asubuhi. Ukifika salama utatoa nini?”

Kwa mara ya kwanza Kalchidon aligeuka akamtazama. Akatabasamu. Uzi wa nyanya ulikuwa umenasa kwenye jino.

“Hujaelewa bado? Watu hutoa mishumaa, hutoa vinara vya fedha. Mimi niliona vinara ni kidogo kwa roho nzima. Nilisema: Mama, nikanyagishe gati la Mgarr, nami sitamwacha mke wa Nardu abaki mjane. Nitamwoa.” Akampapasa shavu kwa mgongo wa mkono. “Wewe ndiye nadhiri yangu, Rozina. Jumamosi natimiza.”

Rozina alitoka kibandani, akafika ukingoni, akatapika mkate wote baharini.

Alipoinua kichwa akifuta mdomo, aliona jua limehama. Lilikuwa kulia kwake. Sasa lilikuwa kushoto.

Sultana ilikuwa inageuka.

“Kuna kitu tumesahau kisiwani,” Kalchidon aliwatangazia wageni kwa uchangamfu. “Dakika chache tu. Leteni glasi, divai ya nyumbani ni bure.” Kisha, chini kwa chini, kwa Rozina peke yake: “Ubao mkavu unaungua vizuri. Na yule bibi wa ufagio nina maneno naye.”

Fikiria, msomaji. Atafika kanisani, atakuta msumari mtupu. Atambana Mananni. Na akirudi, patabaki mahali pamoja tu pa kutafuta: kikapu chini ya benchi.

Rozina aliwatazama wageni. Wanawake watano, wanaume watano, nywele mbichi, migongo imeungua, glasi mikononi. Mke wa yule Mholanzi alikuwa akimsimulia mwenzake jinsi alivyopiga mbizi akameza maji mpaka yakamtokea puani, na kucheka.

Bikira, aliomba Rozina, nipe neno moja. Akapewa. Halikuwa neno zuri.

“Waheshimiwa,” alisema. “Mlipokuwa mnaogelea, kapteni alifungua choo.”

Vicheko vikakatika kimoja kimoja.

“Choo kipi?” aliuliza Mholanzi.

“Hiki mlichotumia nyote tangu asubuhi. Tangi lilijaa. Alilifungua pale pale, chini ya ngazi, mkiwa majini. Hufanya hivyo kila safari. Mimi nilikuwepo, na leo ndiyo mara ya kwanza nasema, Mungu anisamehe.”

“Uongo,” Kalchidon alipaza sauti kutoka kibandani. “Wasiwasi wa harusi huo. Wanawake mnawajua.”

Ornella hakubishana. Alikwenda tezini, akapiga magoti kwenye koki, akainamisha pua. Alipoinuka alikuwa mtulivu sana.

“Miaka thelathini nafungua vinywa vya watu,” alisema. “Harufu hainidanganyi.”

Mke wa Mholanzi aliweka glasi chini kwa uangalifu mkubwa. Akaweka kiganja mdomoni. Hakuwahi ukingo. Alitapika juu ya taulo lake, na aliyekaa karibu naye alipoona, naye akafuata, na wa tatu akafuata kwa harufu tu. Sitaisimulia yote. Divai ya nyumbani ilirudi ikiwa na rangi ile ile. Mzee mmoja alikuwa akijisugua ulimi kwa shati.

Mholanzi hakutapika. Aliinama kidogo ili mabega yapite mlangoni, akaingia kibandani.

“Bandarini,” alisema.

“Bwana mkubwa, tuzungumze kama wanaume…”

“Mke wangu amemeza. Bandarini.”

Sultana ikageuka tena.

*

Ilikuwa saa kumi kasorobo walipoingia Mgarr. Ni wiki ya kwanza ya Agosti. Kwenye gati wavuvi walikuwa wamekaa katikati ya makuti ya mtende, wakiyafunga mafungu mafungu kwa ajili ya msimu wa lampuki, wale samaki wanaokuja kujificha kivulini mwa makuti. Konchetta alikuwa mahali pake pa kila siku, kiti cha plastiki na beseni la vijibini vya mbuzi, akiwauzia wageni wanaoshuka. Na ukingoni, kama kila alasiri, alisimama Salvu, kaka yake Rozina, akisubiri kudaka kamba ya Sultana.

Kalchidon alikuwa amekwisha kujikusanya. Alipopita karibu na Rozina kuirusha kamba, alimnong'oneza, na pumzi yake ilinuka jodari.

“Sema yako, nami nitasema yangu. Picha itakuwa moshi tu. Nani atakuamini wewe, mbele yangu na mbele ya kaka yako?”

Rozina hakujiuliza kwa nini amemtaja kaka yake. Alikuwa amekwisha piga magoti chini ya benchi. Akautoa mkate. Akautoa ubao. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye bahari iliyochorwa na kuifanya ing'ae. Akayafuta kwa kitambaa chake cha kichwa. Kisha akaivua pete, akaitumbukiza ndani ya kikapu, kwenye makombo.

Kalchidon aliuona ubao. Alipiga hatua, na kifua cha Mholanzi kikawa njiani.

“Samahani,” alisema Mholanzi. “Nimeteleza.”

Rozina alikwenda mpaka omoni, mbele ya boti, akasimama pale mwisho kabisa, akaiinua picha juu ya kichwa kwa mikono miwili, kama wanaume wanavyomwinua mtakatifu siku ya sikukuu.

Gati zima likatazama. Makuti yaliacha kulia.

Omo ikasogea mpaka hatua mbili kutoka kwenye jiwe. Konchetta alikuwa ameinuka kwenye kiti. Alikuja taratibu, mama mnene aliyevaa nguo nyeusi, kijibini kimoja bado mkononi.

“Kofia ya mwanangu,” alisema.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Rozina baada ya miaka miwili.

“Mama,” alisema Rozina, “hakulewa. Hakuwa peke yake. Kalchidon alikata kamba. Amekiri kwangu kwa mdomo wake. Mimi ndiye niliyeamini uongo. Nisamehe mimi.”

“Najua hakulewa,” alisema Konchetta. “Nilimzaa. Ishushe niione.”

Rozina akapiga magoti omoni, akaiinamisha picha mpaka karibu na uso wa mama mkwe wake. Wavuvi walikuwa wamesogea nyuma ya mama yule, wanaume wazima wakijifanyia msalaba mmoja mmoja. Kila mmoja alijua picha ya nadhiri ni nini, na kila mmoja alijua haisemi uongo. Mmoja alitema mate majini, upande alikosimama Kalchidon.

Salvu hakusogea. Alikuwa ameidaka kamba, ameishika, hajaifunga.

Konchetta aliweka kidole juu ya kofia ya kijani. Akakaa hivyo kitambo, midomo ikicheza. Kisha kidole kikapanda kwenye ile kamba iliyokatwa, kikafika kwa mwanamume mwenye kisu, kikasimama.

“Huyu ni Bata Mzinga,” alisema. “Yuko tezini, amegeuka nyuma, kisu mkononi. Sivyo?”

“Ndivyo, mama.”

“Nimeolewa na mvuvi miaka arobaini, mwanangu. Dhoruba kama hii, boti haijiendeshi.” Kidole kikasogea mbele ya boti, pole pole, mpaka kwenye kibanda. “Usukani kashika nani?”

Rozina aligeuza ubao kuuelekea mwanga.

Hapakuwa na doa la moshi. Mtu wa ukubwa wa ncha ya kidole alikuwa ameupa ulimwengu mgongo, amevaa koti la mvua la rangi ya machungwa. Mchoraji alikuwa ameambiwa yote, naye alichora yote. Katikati ya mgongo kulikuwa na kiraka cha buluu, mraba, chenye mishono mikubwa ya mtu mwenye haraka.

Mishono ilikuwa ya Rozina mwenyewe. Kitambaa kilikatwa kutoka kwenye suruali ya zamani ya baba yao.

Rozina aliinua macho.

Salvu alikuwa akimtazama. Hakuitazama picha hata kidogo, hakuhitaji. Kisha vidole vyake vikafunguka, na kamba ya Sultana ikateleza kwenye ukingo wa jiwe, ikaingia majini.